Mfuniko wa Bibi Nyirangondo

Ilikuwa mwaka ule mvua ilipobeba daraja. Hapana, nasema uongo. Ni mwaka uliofuata, maana daraja jipya lilikuwa limesimama na harusi zilikuwa zikivuka tena.

Mwalimu Sibomana aliwaambia watoto wake wa chekechea, huko kilimani Kirehe, kila mmoja aje na kitu cha nyumbani chenye umbo. Alitegemea sahani. Wengi wakaleta mifuniko ya agaseke, vile vikapu vya harusini, mifuniko iliyochongoka kama paa la msonge.

“Pembetatu!” Kamanzi akapiga kelele, akiutazama wa Gasaro kwa ubavuni.

“Una makengeza wewe.” Gasaro akaulaza kwenye sakafu ya vumbi, akauzungushia kidole. “Haya, ona. Duara.”

Sibomana akachuchumaa. Akatazama kwa juu, akatazama kwa pembeni. Tangu utoto aliiona mifuniko hiyo vichwani mwa wanawake, wala hakuwahi kujiuliza. Akawaambia wote walaze ya kwao vumbini na kuizungushia mstari, kisha mifuniko ikarundikwa pembeni.

Mara akaingia Bibi Nyirangondo, bibi yake Gasaro, akihema, kikapu kwapani, kiko wazi.

“Mwalimu! Mjukuu wangu Uwera anaolewa leo! Wabebaji wamejipanga uani, na mimi nipeleke kikapu uchi? Wakwe watasema kwetu hatujui kufunika mambo!”

“Nisamehe, bibi. Chukua wako.”

“Upi sasa?”

Yote aliisuka yeye, kwa ajili ya nyumba zote za kilimani, yenye michirizi ileile myeusi. Lakini kila mfuniko husukwa kwa kupimwa na kikapu chake, hauazimwi. Akajaribu mmoja, ukabana. Mwingine ukadumbukia ndani. Kutoka bondeni ngoma zilikwisha kuanza.

“Tulia, Bibi,” Gasaro akasema. “Duara langu hili hapa.”

Akawa anaiweka mifuniko juu ya mchoro wake vumbini. “Huu unaacha nafasi. Huu unameza mstari. Huu!”

Bibi akakifunika kikapu nao. Ukakaa kimya, bila kucheza.

“Umewafundisha, sikatai,” akamwambia mwalimu. “Ila kesho waambie walete sufuria.”

Akajitwika, akateremka mbiombio. Sibomana akamfuata hadi kwenye ua wa shule, vumbi magotini, vigelegele vikiwa vimeshampokea bibi kule chini, akapaza sauti.

“Bibi! Ukianza kusuka, pale kwenye ncha kabisa, mkononi unakuwa na duara au pembetatu?”