Mtungi wa Mama Wandera

Mtaani Mbotela, katika ile safu ya nyumba za mwisho, maji huja Jumanne na Alhamisi, na wanaopanga foleni si watu bali ni mitungi. Unaweka wako nyuma ya wa mwenzako, unaenda zako kufua au kunyonyesha. Mfereji ukianza kutoa maji, yeyote aliye karibu husukuma mitungi kwa mguu, mmoja mmoja, wala haulizi ni ya nani. Kosa lisilosahaulika hapo ni moja tu, kuuruka mtungi wa mtu.

Mukami alihamia huko akiwa na mimba ya Kiarie, na mabegi mawili ya vitabu. Jirani yake wa ukuta mmoja, Mama Wandera, muuza mboga za kienyeji, alimuuliza anasomea nini.

"Masters ya falsafa, mama."

"Falsafa ndiyo nini?"

"Ni kama kusomea kufikiri."

"Woi! Kwani kufikiri kunasomewa? Sisi wengine tunafikiri bure, na bado hatupati usingizi!" Akacheka mpaka kunde zikamwagika mapajani. Lakini mtoto alipozaliwa, ni yeye aliyekuwa akibisha mlango kila asubuhi. "Leta huyo mzee wangu nimbebe. Wewe enda ukafikiri."

Kwa hivyo Kiarie alilelewa mgongoni mwa Mama Wandera, huku mama yake akiandika tasnifu juu ya wajibu wetu kwa mtu asiyekuwepo. Sura ya tatu ilimshinda. Mwalimu wake, Daktari Mwanzia, aliirudisha mara mbili. "Unatuambia wenye majina walisema nini. Wewe mwenyewe unasema nini?" Mukami akairudisha begini.

Alhamisi moja akamwona Mama Wandera akisukuma mtungi wa Mama Gichuru. Jana yake tu Mama Gichuru alikuwa amemwita Wandera, mtoto wa Mama Wandera, mwizi, kwa sauti, ploti nzima ikisikia.

"Mama, hata wake unausukuma?"

"Mtungi umenikosea nini?" Mama Wandera hakuinua kichwa. "Akiwa hapa tutagombana, na nitamshinda. Lakini hayuko. Sasa nigombane na nani? Mtu akiwa hayuko, hawezi kujitetea, hawezi hata kujua kama nimemtendea vizuri. Basi hapo ndipo najijua mimi ni mtu wa aina gani."

Mukami aliingia ndani, akampa mtoto ziwa, akaandika kwa mkono mmoja yote aliyoyasikia. Mwanzoni aliandika, "Jirani yangu mmoja husema." Halafu akaitazama sentensi hiyo katikati ya majina makubwa ya wanafalsafa, akaona imekaa kama mtu aliyeingia harusini na ndala. Mchambua kunde, kwenye tasnifu? Akaifuta. Akaandika, "Nadai kwamba."

Siku ya kutetea kazi yake mbele ya walimu, alimwacha mtoto kwa Mama Wandera, na mtungi wake akauacha kwenye foleni. Mambo yalikwenda vizuri kupita alivyotarajia. Daktari Mwanzia alifungua sura ya tatu, akavua miwani. "Hii hoja umeitoa wapi?" Hakuwa akimshuku, alikuwa anafurahi tu.

"Niliifikiria tu, Daktari."

Ilitoka kwa urahisi kama salamu. Wakampa mkono, wakamwambia arekebishe makosa madogo, kisha aijalidi tasnifu.

Aliporudi nyumbani, mtungi ulikuwa mlangoni, umejaa, umefunikwa vizuri. Kiarie alikuwa ameoga, amelala mgongoni mwa yule yule mama.

"Haya, wamesemaje hao watu wako?"

"Wamefurahi."

"Si nilikwambia! Keti hapa unisomee hicho kilichowafurahisha, na mimi nifurahi."

Mukami alifikiria kumsomea sura nyingine. Lakini vidole vilifungua pale pale, akawa anamgeuzia Kizungu kwa Kiswahili, polepole. Mama Wandera alikuwa akichambua kunde. Mukami alipofika kwa yule aliyekosewa ambaye hayupo kujitetea, mikono yake ikasimama.

"Hayo si maneno yangu?"

"Ni yako, mama."

"Na hapo umeandika ni ya nani?"

Mukami alimtazama mtoto, ule mdomo mdogo uliokuwa wazi, shavu limelalia mgongo wa watu. "Yangu."

Mama Wandera hakupaza sauti. Alichukua jani moja, akaling'oa kikonyo. "Basi uliuruka mtungi wangu, Mama Kiarie. Nami sikuwepo."

Afadhali angempiga kofi. Uso ulimchoma Mukami, asijue auelekeze wapi. Alipochukua simu kumwandikia Daktari Mwanzia ukweli, ndipo aibu ya pili ikamjia, iliyo mbaya kuliko ya kwanza. Mwaka mzima na zaidi, na hakulijua jina la mwanamke huyu.

"Mama, jina lako kamili ni nani?"

"La nini?"

"Liingie kwenye kazi."

"Jacklyne Nabwire," akasema mwishowe. "Na usiandike kwamba nilisema. Andika nilifikiri."

Jibu la Daktari Mwanzia lilikuja kesho yake asubuhi, fupi. Asiijalidi. Atarudi mbele ya wale wale walimu, aeleze kwa nini aliwadanganya, na huenda mwaka ukapotea.

Alhamisi iliyofuata Mukami alisimama kando ya mtungi wake, jua likimpiga.

"Niaje, masters," Mama Gichuru akamtania. "Unalinda mtungi? Kwani hutuamini?"

Mukami aliuinamia mtungi wake. Angesemaje? Kwamba asiyeaminika ni yeye, na anaona haya kumwachia mtu mwingine?

Mama Wandera akaja, akaweka mtungi wake nyuma. Tangu siku ile hakuwa amebisha mlango asubuhi. Akatazama mfereji, akatazama nguo zilizoanikwa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala ndani."

"Enda basi, asiamke peke yake."

Mukami aliondoka bila kugeuka nyuma. Alikaa kitandani kando ya Kiarie, kurasa za sura ya tatu mapajani, na kule nje mitungi ikakwaruza saruji, mmoja, kisha mwingine, asijue ni upi uliokuwa wake.