Mwiko wa Mastura Kiunoni kwa Inspekta

Tangu aolewe, Mastura aliomba kabati la vyombo, lakini mumewe Salehe, fundi seremala pale Mwanza, kila siku alikuwa na kazi za watu. Inspekta mmoja wa polisi, Mzungu, alipomletea mpini wa mbao wa bastola kuukuu ausafishe, Salehe aliuchemsha kama muhogo, ukapasuka. Jioni mwiko wa ugali haukuonekana.

“Panya hao,” Salehe alisema.

“Panya wenye msumeno?”

Inspekta alipewa mpini mwingine, akausifu kwa weusi wake wa kizamani. Siku ya Uhuru alipita nao kiunoni mbele yao uwanjani, na Mastura akaitambua alama ya kuungua ya mwiko wake. Akaanza kumfuata.

“Mama Sada, utanifungisha,” Salehe alimnong'oneza mkewe.

“Kabati langu unaanza lini?”

“Leo hii, tukitoka hapa.”