Yale Mambo ya Nyumbani

Katika ukoo wetu mimi ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu. Kazi hii nilikabidhiwa bila kuulizwa, siku niliporudi na shahada ya lugha, na mpaka leo ndiyo faida pekee ambayo ukoo umeiona kutokana na karo yangu. Nimewazika walevi wengi kwa kalamu. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa pombe, wote "waliugua kwa muda mfupi." Baba mdogo mmoja aliyekuwa na nyumba tatu, na mke aliyejua habari za moja tu, nilimwandika kwamba "alipenda watu." Kanisa zima liliitikia amina, isipokuwa mjane.

Kwa hiyo mama mdogo alipozidiwa, na hospitali ikamrudisha kwake Magogoni, binamu yangu alinipigia simu akaniambia nijiandae. Alimaanisha kalamu. Mama mdogo mwenyewe alitaka mchungaji.

Mchungaji alikuja Jumamosi asubuhi na akina mama wawili wa kanisa. Ni kijana wa bara, mpole, na Kigiriama hajui zaidi ya salamu. Mama mdogo naye, tangu maumivu yamwelemee, Kiswahili kilikuwa kikimchosha, akirudi kwenye lugha ya kwao. Binamu yangu, ambaye ndiye mwanawe wa kwanza, akawa mkalimani. Mimi nilikaa karibu na mlango nikilinda chupa ya chai.

Mama mdogo alizungumza muda mrefu, macho darini. Alisema mtoto wake wa pili alipokufa kwa homa, kule Kaloleni, yeye aliwaambia waombolezaji kwamba alfajiri ile alimwona wifi yake amechutama kando ya mkeka wa mtoto, akinong'ona maneno yasiyoeleweka. Hakumwona. Wifi alikuwa mjane aliyerudi kuishi kwenye shamba la babake, na mama mdogo hakumpenda, basi. Vijana waliichoma nyumba yake hata kabla matanga hayajaanuliwa.

Akamgeukia mchungaji. Binamu yangu akakohoa.

"Anasema walikosana kidogo na wifi yake, zamani. Yale mambo ya nyumbani."

"Hizo ni changamoto tu, mama," mchungaji akasema. "Kila boma liko nazo. Tukuombee?"

Yale mambo ya nyumbani. Ndivyo tulivyosema sote miaka yote ile. Na wifi mwenyewe, tulisema "alihamia kwa binti yake." Ni kweli alihamia kwa binti yake, Changamwe, katika chumba kimoja karibu na uwanja wa ndege, akiwa na leso alizovaa na hana kingine. Alifia huko, na hakuzikwa kwao.

Akina mama walikuwa wamekwisha kufumba macho. Mama mdogo akainua mkono, akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Sikukosana naye. Nilimsingizia uchawi. Na wewe mwanangu usinioshe, sijafa bado."

"Mama, hayo yalipita."

"Yalipita wapi?"

"Ni shetani alikutumia tu, mama," mchungaji akajaribu.

"Shetani hakuwako, mchungaji. Nilikuwako mimi. Ukimwombea shetani msamaha, mimi nitabaki na langu."

Mmoja wa akina mama alicheka kabla hajajizuia. Mchungaji hakucheka. Aliiweka Biblia kitandani, akamwuliza anataka aombewe nini hasa.

"Omba kama ulivyosikia."

Akaomba. Aliutaja uongo, akaitaja nyumba iliyochomwa, akamtaja mwanamke aliyefukuzwa. Ni mtu wa sala ndefu, lakini ile ilikwisha chai ikiwa bado moto. Mama mdogo aliitikia amina peke yake, kwa sauti. Kisha akasema, "Kwa Mungu nimesema. Sasa niitieni binti wa wifi."

Binamu yangu alikataa katakata kwenda. Nikaenda mimi.

Nilimkuta akiepua mahamri mbele ya chumba chake, mwanamke wa umri wangu. Nilianza kwa Kiswahili changu cha chuo kikuu: kwamba mgonjwa anatamani maridhiano.

"Maridhiano ni ya wanasiasa, kaka. Anataka nini?"

"Anataka kukwambia kwamba alimsingizia mama yako."

Alijifuta mikono kwa leso, muda mrefu, mikono ambayo ilikuwa imekauka kitambo.

"Nataka kumsikia akisema," akasema.

Alikuja Jumapili baada ya ibada. "Shikamoo, mkaza mjomba," akamwamkia, akakaa kitako kwenye mkeka, kichwa chake kikawa sawa na cha mgonjwa. Mama mdogo aliyasema yote, bila utangulizi. Alipomaliza, binamu yangu akarukia:

"Haya dada, nawe sema umemsamehe, tuombe tunywe chai."

"Sijamsamehe. Nimdanganye mtu aliye katika hali hii?" Kisha akamgeukia mgonjwa. "Mama alikuwa akiniuliza kila jioni kama ameitwa nyumbani."

"Aliuliza?"

"Mpaka mwisho. Nami nikimwambia wataita."

Mama mdogo alilia bila sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mgeni alipoinuka, mgonjwa alimshika upindo wa leso.

"Njoo tena. Hata kama ni bado."

"Nitakuja Jumapili."

Mama mdogo alifariki Ijumaa. Jumapili ile turubai lilikuwa limekwisha kufungwa uani, na viti vya kanisa vimepangwa, nilipomwona binti wa wifi akishuka kwenye bodaboda. Alisimama akiliangalia turubai. Hakuna aliyekuwa amempigia simu. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake atapiga.

"Lini?"

"Juzi."

"Alisema lolote?"

Nilikuwa na sentensi tayari, ile ya kulala kwa amani. Nimewaandikia wengi.

"Alikuwa akikuuliza," nikasema. "Kila pikipiki iliposimama hapo nje, aliuliza kama ni wewe."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepewa haki asiyoitaka.

"Nilikuwa nakuja kumwambia."

Sikumwuliza alikuwa akija kumwambia nini. Alivua viatu mlangoni, akaingia ndani walimoketi wanawake, nao wakasogea wakampa nafasi kwenye mkeka.