Dakika Ishirini za Karatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Safari alinikabidhi karatasi moja. Ndiyo tuliyoiita ratiba: saa ya kutoka Arusha, saa ya kufika geti la Ngorongoro, na dereva aseme nini wapi. Karatu, mji nilikozaliwa, ilipewa mstari mmoja: dakika ishirini, maji na choo.

"Na historia yake?" niliuliza.

"Historia gani? Wamelipia simba. Wewe endesha."

Nikaendesha, miaka mingi. Ninyi vijana mnaoshika usukani leo mna redio na simu; sisi tulisoma nyayo za faru kwenye vumbi, na tulihesabu muda kwa jua, maana geti likishafungwa hakuna wa kukufungulia. Mgeni akiuliza kuhusu watu wa Karatu, nilimjibu neno moja: wakulima. Naona aibu mpaka leo.

Kisha nikampata mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, mama mtu mzima kutoka Khansar, mji mdogo wa Uajemi ulio bondeni kati ya milima. Tangu tulipopita Mto wa Mbu alinisimulia mji wake: baridi yake, asali yake, wanazuoni wake, mafundi waliochonga vijiko vya mbao. Wana lugha yao wenyewe, si Kifarsi cha redioni, na wajukuu zake hawaijui.

"Na ninyi nyumbani mnasema lugha gani?"

"Kiiraqw, mama. Ni kilugha tu."

Tulikuwa tukipita Rhotia, kijiji cha kabla ya Karatu. Akasema, "Hivyo ndivyo nilivyowaambia wanafunzi wangu kuhusu lugha yetu. Wakaniamini."

Maneno yale yaliniuma. Tulipofika Karatu nikakata kona, nikampeleka kwa mama yangu. Mama alimpa asali na masega yake, akamweleza jinsi wazee wetu walivyohama kutoka milima ya Mbulu, na jinsi babu yake alivyochimba nyumba ndani ya ardhi kuficha ng'ombe wasiibwe. Mimi nilitafsiri. Yule mwalimu aliandika kila kitu, na mimi, mtoto wa nyumba ile, nilikuwa nayasikia mengine kwa mara ya kwanza.

Geti tulilikuta limefungwa. Niliporudi Arusha, Meneja alikuwa akinisubiri ofisini.

"Umechelewesha mgeni kwa ajili ya mama yako?"

"Kwa ajili ya mji wangu, bosi."

"Lete funguo."

Nikampa. Sikumwomba msamaha, na nisingemwomba leo. Nililima vitunguu msimu mzima, mpaka Mkurugenzi wa kampuni nyingine aliponiita. Nilimwambia kabla sijakaa: Karatu napewa saa nzima, au sichukui gari. Alicheka, akanipa nusu saa. Nilichukua saa nzima, kila safari, mpaka nastaafu.

Siku ya kuniaga, Mkurugenzi huyo alininong'oneza, "Mzee, sema Kiingereza, wageni wapo." Nikasimama, nikasema Kiiraqw mwanzo hadi mwisho, nikianzia nyumba ile ya chini ya ardhi. Madereva wawili vijana, wazaliwa wa Karatu, walicheka. Mgeni mmoja akauliza nimesema nini.

"Waulize hao," nilijibu. "Ni watu wa hapa."

Wakanigeukia, wakaniuliza kwa Kiswahili nimesema nini.

Kesho yake asubuhi wote wawili walibisha hodi kwangu, kila mmoja na daftari lake. Niliwaambia wayaweke chini, tuanze na salamu.