Mshubiri na Ua la Moto

Majirani zangu hapa Musoma hufagia uwanja mpaka ardhi inang'aa, wasiache hata jani, na mimi wananiona mwehu kwa kuhangaika na maua katikati ya mawe. Waseme. Nilitaka maua ya kwetu, yanayoota yenyewe porini na kurudi kila mwaka, si yale ya kwenye vikopo yanayokunywa maji kuliko ng'ombe. Nikapata mawili.

La kwanza ni mshubiri, ule ambao wengi huuita alovera, ingawa huu ni wa porini, majani yana madoadoa na maua yana rangi ya chungwa. Niliuchimba Butiama, kwenye mwamba nyuma ya nyumba ya rafiki yangu. Hauna madeko. Kiangazi kikikaza unajikunja na kuwa mwekundu kidogo, lakini upo, na ndege chozi hawaachi kuutembelea. La pili nililitoa kando ya njia ya Nyamuswa, kule Bunda, wakati wa mvua. Linatambaa, linajishikilia kwa ncha za majani yake, na ua lenyewe ni jekundu lenye kingo za njano, limesimama juu kama miali. Mimi huliita ua la moto. Uzuri wake ulinipumbaza. Mvua zikikatika linakauka lote, kinabaki kiazi ardhini, na kiazi hicho ni sumu ya kuua mtu. Nililijua hilo nilipolipanda.

Mama yangu aliletwa kwangu kiangazi kilichopita kutoka Bukima, baada ya kuanguka na kuumia nyonga. Nilimpa chumba cha mbele, mlango wake ukitazamana na ule mshubiri. Siku ya kwanza aliuangalia, akaniuliza, "Huu nani alikwambia uupande hapa?"

"Ni pambo tu, Mama."

Kijijini kwetu mshubiri hupandwa makaburini, kwa kuwa hauhitaji mtu wa kuumwagilia. Sikuwa nimesahau. Nilijiona tu mtu wa mjini, mambo hayo nimeyaacha huko.

Wiki ya pili alianza kujipikia. Aliweka mafiga matatu nyuma ya nyumba, akachukua sufuria moja akaifanya yake. Nikimpelekea chakula anasema ameshiba, muda si muda namwona anamenya viazi vitamu vya kwenye tuta langu la uani. Niliumia, tena nilikasirika. Nikawaambia ndugu zangu kwa simu kwamba akili zimeanza kumtoka mama.

Kilichoninyima raha zaidi ni mikono yake. Wanawake wa kwetu hawavuni viazi vyote kwa mara moja. Wanatafuta ufa kwenye udongo, wanaingiza vidole, wanatoa kimoja kilichonona na kufukia, vingine wanaviacha vikue. Mama alizunguka uani hivyo hivyo na fimbo yake, akipapasa ardhi. Ua la moto lilikuwa limekwisha kunyauka kabla hajafika, zimebaki kamba kavu zilizojisokota kwenye uzio.

"Mama, hapo kwenye uzio usichimbe," nilimwambia.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Ningemwambiaje mama mzazi kwamba nimefuga sumu uani? Niliona aibu, nikameza maneno. Kila nikitoka nyumbani nilitoka na roho juu, na nikirudi macho yalitangulia kwenye uzio.

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni saa nne asubuhi, nina sato wawili. Kwenye uzio palikuwa na shimo. Udongo ulikuwa mbichi, umefukuliwa kwa vidole. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa unapanda.

Samaki sikumbuki niliwaweka wapi. Nilifunua sufuria nikakuta vipande vyeupe vinachemka, na kiazi kikishamenywa, nani atakijua? Nikaipiga sufuria teke. Chakula cha mama yangu, mbele ya macho yake, kikamwagika kwenye majivu.

"Umekula?" nilipiga kelele. "Mama, umekula?"

"Umemwaga chakula changu."

"Nijibu! Umekula vingapi?"

Nilimshika mabega nikimtikisa, mtu mwenye nyonga mbovu. Nikamwambia kile cha kwenye uzio ni sumu, twende hospitali sasa hivi. Nilitaka kumpigia dereva wa bajaji, vidole vikawa vinakosea namba, machozi yananitoka kama mtoto. Mama alinitazama. Uso ule haukuwa wa mtu aliyechanganyikiwa.

"Kaa chini," alisema.

Akafungua pindo la kanga yake. Ndani kulikuwa na kiazi chembamba chenye panda mbili, kama pembe za mwanambuzi, bado kina udongo. Kilikuwa kizima.

"Hiki tunakijuaga tangu watoto. Kilimalizaga mbuzi za baba yako. Zile kamba kavu nilizijua siku nyingi. Nimekichimba nimuonyeshe mjomba wako, anakuja kesho kutoka Mugango."

"Umuonyeshe kwa nini?"

"Umenilaza mbele ya mti wa kaburi," alisema polepole. "Ukafukia sumu uani. Nikikuuliza kuna nini, unasema hakuna kitu. Wewe ungefikiriaje, mwanangu?"

Wiki zote zile nilidhani ni uzee tu, kumbe mama yangu alikuwa anajilinda nisimuue. Alikuwa analala ndani ya nyumba yangu akiniogopa mimi, niliyetoka tumboni mwake.

"Ni maua tu, Mama," nilisema. "Nilipenda maua." Hata masikioni mwangu yalikuwa maneno ya kipumbavu.

"Nimeona," alijibu. "Mtu anayetaka ufe hawezi kumwaga sufuria."

Kile kiazi tulikitumbukiza kwenye shimo la choo, na vingine vilivyobaki ardhini alinionyesha mwenyewe pa kuchimba. Mshubiri niliuhamishia mwambani, mbali na milango yote, na huko unachanua vizuri kuliko mwanzo. Nikiulizwa ua lipi linafaa nyumbani, nasema uliza kwanza wanaoishi humo.

Kwetu anayekaribisha ndiye anayeonja kwanza, mgeni asile kwa wasiwasi. Mchana wa Jumamosi ile nilisonga ugali, nikawaunga wale sato. Tulinawa. Nikanyoosha mkono nimege tonge la kwanza, nile yeye akiniona.

Mama akanishika mkono. "Acha," alisema. Akamega yeye, akachovya kwenye mchuzi, akala.