Mihogo Chini ya Gunia

Mume wangu alirudi kutoka machimbo ya Buhemba bila dhahabu na bila sala. Dhahabu sikuililia. Lakini mtu aliyekuwaga anaimba besi kwenye kwaya yetu hapa Kamunyonge, sasa Jumapili anageukia ukutani na kulala. Niliogopa atarudi machimboni, kifusi kimfukie akiwa hivyo hivyo. Nikaamua kumrudisha kwa Mungu, mimi mwenyewe.

Nilimwekea Biblia juu ya sahani yake. Niliwaita wazee wa kanisa mara mbili bila kumwambia. Mara ya pili alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda Bunda akakaa siku tatu. Nilikuwa kero. Nilijua, na sikuacha.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Butiama na mihogo. Tulimenya, tukaianika kidogo, tukairundika kwenye kona ya jiko na kuifunika magunia ili ivunde, ishike ukungu, ndipo tuikwangue, tuianike tena na kutwanga unga wa ugali. Kazi hiyo inataka joto na kuachwa. Mimi kila asubuhi nafunua, nabonyeza, nafunika. Siku ya nne ilikuwa imekauka, migumu kama kuni.

Mama mkwe hakugomba. Alisema mihogo yake na mwanawe wameangukia mikononi mwa askari yule yule mmoja. Kisha akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, wewe unamwamini Mungu, au unamkagua?"

Nilinuna siku nzima. Kumkagua Mungu, mimi ninayefunga na kusali? Jioni tulirundika mihogo mingine, nikafunika, nikaweka jiwe juu ya gunia. Biblia nikairudisha kabatini. Niliendelea kumwombea mume wangu, ila kimoyomoyo, nikiosha vyombo. Mihogo ilivunda vizuri. Yeye aliendelea kulala.

Wiki zikapita, sikumbuki ngapi. Jumapili moja nafunga kilemba, akauliza shati lake jeupe liko wapi. Maneno yalinijaa mdomoni. Nikamwambia liko kwenye kamba, nikatangulia.

Kanisani nilikaa mbele, mahali pangu pa siku zote. Wimbo wa pili ulipoanza niliisikia besi yake, ya chini, yenye kutu kidogo, ikitoka benchi la mwisho. Shingo iliniwasha. Sikugeuka.