Fundi Alivyokuwa Msemaji wa Watoto

Fundi alikuwa na mdomo. Mtaani walilijua hilo kabla hawajajua kwamba anashona. Ukimletea kitambaa kifupi ukataka gauni refu, alikuambia papo hapo kwamba yeye hashoni hewa, na bado ulikiacha kitambaa, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri kuliko maneno yake.

Aliishi na binti yake, aliyefanya kazi ya zamu katika kiwanda cha mikate, pamoja na mjukuu waliyemwita Kibonge, mtoto wa miaka miwili na ushee asiyetulia hata akiwa usingizini. Kibonge na cherehani havikuweza kukaa chumba kimoja. Alikwisha kumeza vifungo vya koti la mteja, na familia ikashinda siku nzima ikivisubiri.

Kwa bahati, nyuma ya zahanati kulikuwa na kituo cha kulelea watoto wadogo. Kilikuwa chumba kimoja chenye mikeka, vipande vya mbao vya kupangia nyumba, na mlezi ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Huyo alikuwa na kipaji cha kuwalaza watoto wote kwa mara moja. Kwa bahati mbaya, kituo kilikuwa kinafungwa. Mlangoni kulibandikwa karatasi: "Mlezi yupo semina." Juma lililofuata ikabandikwa nyingine: "Mlezi bado yupo semina."

Fundi akajifunga kitambaa kichwani, akambeba Kibonge mgongoni, akaenda kwenye ofisi ya shirika lililofadhili kituo. Akapokelewa na afisa uhamasishaji, kijana mpole mwenye kitambulisho shingoni, ambacho alikishikashika kila alipoulizwa swali.

"Mwanangu," Fundi akasema, "Shangazi yuko wapi?"

"Yuko kwenye warsha, mama. Tunawajengea walezi uwezo."

"Uwezo anao. Tunachokosa ni yeye mwenyewe."

Afisa akaacha kukishika kitambulisho. Akamtazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani. "Mama yangu, hayo maneno unaweza kuyarudia mbele za watu?"

Akayarudia mbele za watu. Wakapiga makofi. Akaitwa tena, mahali pengine, mbele za watu wengine, nao wakapiga makofi. Haukupita muda akawa "sauti ya wazazi," mwenye kitambulisho chake mwenyewe shingoni, na gari la ofisi likawa linamfuata nyumbani.

Tuseme ukweli, aliyapenda. Tangu aolewe hadi afiwe, hakuna aliyewahi kumvutia kiti wala kumuuliza chai yake aipendeje. Sasa aliulizwa hayo na watu waliovaa tai. Akajifunza na lugha ya huko. Jioni moja alimwambia binti yake kwamba nyumbani pana changamoto ya chumvi, na wadau wote wanapaswa kushirikishwa.

"Imeisha, basi," binti akajibu. "Nitanunua."

Wakati huo cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Kibonge alishinda kwa jirani muuza mkaa, mama mwenye roho nzuri, na kila jioni alirudi mweusi tii kiasi cha kutafutwa macho.

"Mama," binti akasema usiku mmoja akimsugua mwanawe kwenye beseni, "ulikwenda kulalamika kwamba Shangazi haonekani. Sasa na wewe huonekani."

"Mimi natetea watoto."

"Mtetee na huyu. Jana alimwita muuza mkaa bibi, na mimi akaniamkia kama mgeni."

Fundi akampa taulo. Alilala akigeukageuka. Asubuhi gari likapiga honi, naye akapanda.

Kisha likaja kongamano kubwa la haki za watoto wadogo, katika hoteli yenye zulia hadi chooni. Siku hiyo muuza mkaa alikuwa anaumwa na binti yuko zamu, kwa hiyo Fundi akaenda na Kibonge. Mlinzi akamzuia kwenye mlango wa ukumbi.

"Samahani, bibi. Watoto hawaruhusiwi."

"Si mkutano wa watoto huu?"

"Ndiyo, bibi. Ndiyo maana wamekatazwa. Wanapiga kelele."

Akakaa kwenye korido. Mara Shangazi akatoka ukumbini, viatu mkononi, akisema miguu inamwaka na mada ni ileile ya juzi. Alipomwona Kibonge akaketi chini kwenye zulia bila kuombwa, akaanza kupanga naye vifuniko vya chupa za maji. Mhudumu mmoja aliyepita na sinia akasimama kuangalia, akatazama huku na huku, kisha akaenda kumtoa binti yake aliyekuwa amemficha stoo kwenye vitambaa vya meza.

Ndani, mwenyekiti akatangaza: "Sasa tumkaribishe mama yetu kutoka kwenye jamii."

Fundi akanyanyuka. Kibonge akang'ang'ania sketi yake akaanza kulia, ikabidi ambebe. Mlinzi, aliyekuwa mtu wa kufuata maagizo, akaona njia ya katikati: bibi asimame mlangoni, miguu iwe nje, sauti iingie ndani.

"Sikuandaa maneno mengi," Fundi akasema kutoka pale mlangoni. "Leo kituo chetu kimefungwa kwa sababu mlezi wake mmemleta huku. Mkimaliza kupiga makofi, tunamwomba aturudie."

Wakapiga makofi kwa muda mrefu. Jioni maazimio yakasomwa, na mojawapo lilikuwa kuandaa semina ya walezi kuhusu umuhimu wa kuwepo kituoni.

Ndani ya gari, wakirudi na Shangazi, Fundi akavua kitambulisho shingoni. "Mimi basi," akamwambia. "Na wewe?"

"Nikikataa wataniachisha kazi."

"Usikatae. Tuachie sisi."

Asubuhi ya semina, gari lilipofika kumchukua Shangazi, lilikuta kina mama wamejaa mbele ya kituo. Hakuna aliyegomba. Walimsalimia dereva vizuri, wakafungua milango, wakaanza kupakia watoto.

"Hawa wanakwenda wapi?" dereva akauliza.

"Kwa mlezi wao," Fundi akasema. "Wewe si unampeleka?"

Kibonge alikuwa ameshafika kwenye usukani. Mtoto mwingine akatapika uji kwenye kiti cha mbele. Dereva akampigia afisa simu, akaongea kwa sauti ya chini, kisha akaomba kwa heshima watoto wateremshwe, na Shangazi abaki.

Kwa kuwa nafasi ilikuwa imeshalipiwa, afisa alikwenda mwenyewe. Akarudi na cheti cha ulezi bora, na wanasema kimetundikwa ofisini kwake.

Kituo kikawa wazi siku nyingi, ingawa si zote. Fundi alirudi kwenye cherehani, akatukanwa na wateja kwa miezi ya kuchelewa, na safari hii hakujibu. Jioni binti yake akitoka kiwandani humpitia Kibonge kituoni, naye hataki kabisa kuondoka. Hubebwa kwapani kama mfuko wa unga, akipiga mateke na mayowe, na watu huchungulia madirishani kuuliza mtoto wa watu anafanywa nini.